Salopeti ya baridi katika mji wa joto: namna ya kuichagua

Kisangani iko chini ya kilomita 60 kaskazini ya ikweta, kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika digrii 30 bila shida, na usiku hewa hubaki karibu na digrii 20. Katika mji kama huu, kuuliza bei ya salopeti nzito yenye ujazo ndani kunaweza kuonekana kama mchezo. Lakini kuko watu hapa mjini wanaoingia kila asubuhi mahali penye digrii 18 chini ya sifuri, wakabeba makartoni, wakatoka nje kwenye jua kali, halafu wakaingia tena. Wengine hupigwa na mvua na upepo juu ya pikipiki tangu saa kumi ya alfajiri. Wengine hulala juu ya mto.

Nguo ya kazi ya baridi, ambayo hapa wengi huita salopeti na jirani zetu wa Kenya na Tanzania huita ovaroli, imetengenezwa kwa nchi za theluji. Hewa ya nchi hizo wakati wa baridi ni kavu. Hewa ya Tshopo imejaa maji. Tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha namna ya kuchagua: salopeti inayomfaa mfanyakazi wa Ulaya inaweza kumlowesha mfanyakazi wa Kisangani na kumwacha na baridi zaidi.

Baridi ya Kisangani inapatikana wapi

Ya kwanza na kali kuliko zote ni baridi ya vyumba vya kuhifadhia chakula, ambavyo wengi huita frigo kubwa. Samaki wa mpiodi, kuku na nyama za kutoka nje ya nchi hutunzwa humo. Kanuni ya kimataifa ya vyakula vilivyogandishwa ni digrii 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Nje kukiwa na digrii 30, mfanyakazi anayepita mlango huo anakata karibu digrii 50 kwa hatua moja. Watu wa kazi hiyo ni wengi kupita wale wenye kandarasi: kuko wabebaji wa siku, wahesabu mali, madereva wanaopakia, na wamama wanaokuja kuchukua kartoni zao na kuingia ndani kuchagua.

Ya pili ni baridi ya wamotari. Zamani usafiri wa mji ulikuwa wa baiskeli, zile za toleka. Leo ni pikipiki. Kisangani haina majira ya ukame ya kweli, mvua hunyesha miezi yote. Motari aliyelowa akienda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa anajitengenezea upepo mkali mwenyewe. Digrii 21 na nguo iliyolowa na upepo huo, mkono huanza kuwa mgumu kwenye breki.

Ya tatu ni ya mto. Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 za maji, na safari ya balenieri huchukua siku nyingi. Usiku, ukungu wa mto na upepo huwapata mabaharia na walinzi wa mizigo wakiwa hawana pa kujificha.

Ya ine ni ya barabara ya mashariki. Dereva, konvoyeri au motari anayetoka Kisangani kwa RN4, akipita Bafwasende, Niania, Mambasa na Komanda mpaka Beni, halafu akapanda Butembo na Lubero, anafika kwenye milima inayopita mita 1,700. Kwa kawaida hewa hupoa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nguo iliyotosha Bafwasende haitoshi Lubero saa kumi na moja za asubuhi.

Kazi hizi ine hazihitaji salopeti moja. Kosa la kwanza la mnunuzi ni kufikiri kwamba nguo nzito kuliko zote ndiyo nzuri kuliko zote.

Nguo haina joto lake

Hakuna nguo inayotengeneza joto. Joto hutoka mwilini, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Kinachozuia ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Ndiyo maana triko mbili nyembamba zinaweza kushinda koti moja zito: kati yao kuna hewa. Na ndiyo maana salopeti inayobana sana, hata kama ni ya bei kubwa, haishiki joto vizuri. Mwili umeukamua ujazo na hewa imetoka.

Maji huharibu kazi hiyo yote. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ujazo ukilowa, nafasi ya hewa inachukuliwa na maji, na joto la mwili linapita kama kwenye daraja. Tena maji yakikauka juu ya mwili yanachukua joto pamoja nayo. Hii ndiyo faida ya jasho wakati wa jua, na ndiyo hatari yake ndani ya frigo.

Maji yenyewe humjia mfanyakazi wa hapa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni jasho. Mbebaji anavaa salopeti nje, kwenye joto, anasubiri gari, na kabla hajaingia tayari mgongo umelowa. Akiingia, jasho lile linapoa juu ya ngozi. Njia ya pili ni mvua, ambayo kila mtu anaijua. Njia ya tatu wengi hawaifikirii: ni mvuke wa hewa yenyewe. Chupa ya Primus ikitoka kwenye frigo na kuwekwa mezani, baada ya dakika moja inatoa matone pande zote. Matone hayo hayatoki ndani ya chupa. Ni maji ya hewa yaliyokutana na kitu cha baridi. Salopeti iliyokaa nusu saa kwenye digrii 18 chini ya sifuri inafanya vilevile ikitoka nje. Inavuta matone juu ya kitambaa, na hata ndani ya ujazo. Mfanyakazi akirudi ndani nayo, matone yanakuwa barafu. Akiingia na kutoka mara kumi, jioni anavua nguo nzito kuliko ile aliyovaa asubuhi.

Kwa hiyo mnunuzi wa Kisangani anahitaji majibu ya maswali mawili kabla ya kuuliza unene: nguo hii inakauka kwa muda gani, na ikilowa bado inashika joto?

Kitambaa cha nje na ujazo wa ndani

Pamba ni nzuri kwa joto la mchana na kwa kazi ya moto, lakini kwa baridi ya maji ni adui. Inaweza kunywa maji kupita uzito wake yenyewe, na inakauka polepole. Salopeti ya pamba tupu, ile ya bluu inayoonekana kwenye magaraji yote, haifai frigo hata ikivaliwa mbili.

Poliesta hainywi maji karibu kabisa; nyuzi zake huchukua chini ya asilimia 1 ya uzito wao. Ujazo wa poliesta ukilowa unaweza kukamuliwa, kutikiswa, na kuanza kazi tena. Haupendezi kama manyoya, lakini kwa hali ya hewa ya Tshopo ndio chaguo la kwanza kwa ujazo.

Manyoya ya ndege, yanayoandikwa duvet au plumes kwenye etiketi, ni mepesi na yana joto kubwa yakiwa makavu. Yakilowa yanaganda pamoja kama unga wa muhogo na joto linaisha. Kukausha koti la manyoya Kisangani kunaweza kuchukua siku nyingi, na kabla ya kukauka linaanza kunuka. Kwa kazi ya frigo, ya mvua au ya mto, heri kuliacha sokoni.

Sufu, yaani laine, inaweza kuchukua mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake kwa unyevu na bado ikampa mtu joto. Triko ya sufu chini ya salopeti ni msaada mkubwa, hasa kwa watu wa mto na wa milima.

Kwa kitambaa cha nje, naironi (polyamide kwenye etiketi) au poliesta iliyofumwa kwa kubanana huzuia upepo na kukauka haraka. Vitambaa vilivyopakwa plastiki kabisa, kama koti la mvua la kawaida, vinazuia mvua lakini vinafungia jasho ndani. Motari asiyetumia nguvu nyingi anaweza kuvumilia hiyo. Mbebaji hawezi, atalowa kutoka ndani.

Kuna onyo moja kubwa. Poliesta na naironi huyeyuka kwa moto na kushikamana na ngozi. Anayechomelea chuma, anayefanya kazi karibu na moto wa kukaushia samaki, au anayemwaga mafuta kwenye grupu ya umeme asivae salopeti ya ujazo wa poliesta. Motari naye aangalie mguu wa suruali usiguse bomba la moshi.

Unene hutegemea mwendo wa mwili

Watu wawili wanaweza kufanya kazi ndani ya chumba kimoja na kuhitaji nguo tofauti. Mbebaji anayeinua kartoni bila kusimama anatengeneza joto jingi. Akivaa nguo nzito sana, atatoka jasho baada ya dakika kumi. Kwake, salopeti ya ujazo wa kati juu ya triko nyepesi inatosha, mradi ifunguke kifuani. Mwenye kuhesabu mali, anayesimama na karatasi na kalamu, mwili wake unatulia. Yeye ndiye anayehitaji salopeti nzito kuliko zote, na mabote yenye soli nene, kwa sababu baridi ya sakafu inapanda kwa miguu.

Kanuni ya watu wa kazi hizi ni rahisi: mtu aanze kazi akisikia baridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto tamu atalowa. Zipu ifunguliwe wakati wa kubeba, ifungwe wakati wa kusimama. Na salopeti isivaliwe nje kwenye jua wakati wa kusubiri gari. Joto la nje pamoja na nguo nzito vinaweza kumwangusha mtu kwa kiharusi cha joto, tena kabla hajaona baridi yoyote.

Mkato

Kuna aina mbili kubwa. Kombinezo ni ya kipande kimoja, kutoka shingo mpaka kifundo cha mguu. Haiachi mgongo wazi mtu akiinama, na hiyo ni faida kubwa ndani ya frigo. Ubaya wake ni kwamba kuivua nusu kunasumbua, na kwenda msalani ni kazi. Aina ya pili ni suruali yenye kifua na mikanda ya mabegani, pamoja na koti tofauti. Hii inafaa zaidi kwa mtu anayeingia na kutoka mara nyingi, kwa sababu koti linavuliwa mlangoni na suruali inabaki. Pia koti likilowa au kuchanika, linabadilishwa lenyewe bila kununua yote.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aivae juu ya nguo zilezile atakazovaa kazini. Achuchumae mpaka chini, ainue mikono yote miwili juu ya kichwa, apige hatua kama anapanda gari. Ikibana makalio au kuvuta mabega, ni ndogo. Ikibaki nafasi ya kuingiza mtu wa pili, ni kubwa. Upepo utacheza ndani na kitambaa kitanasa kwenye makartoni. Mikono ya nguo iwe na raba au velkro kwenye kifundo. Miguu iwe na zipu ndefu pembeni, ili ivuliwe bila kuvua mabote. Kwa motari, mguu wa suruali ufungwe usije ukaingia kwenye mnyororo.

Zipu ni moyo wa salopeti. Zipu kubwa ya plastiki ni bora kuliko ya chuma kwa frigo: haishiki kutu, haigandi haraka, na haiumizi kidevu kwa baridi yake. Iwe na kitambaa cha kuifunika upande wa ndani, na kishikio kinachoshikika na gan (glavu) mikononi.

Alama kwenye etiketi

Salopeti nyingi zinazofika huku, mpya au za mtumba, zimetengenezwa kwa kanuni za Ulaya. Etiketi ya ndani ina michoro na namba ambazo watu huzikata bila kuzisoma. Zinasema mengi.

EN 342, pamoja na mchoro wa theluji, ni nguo ya baridi kali, digrii 5 chini ya sifuri na kushuka. Hiyo ndiyo ya frigo kubwa. Pembeni yake kuna namba kama 0.310, ikiwa kubwa zaidi, nguo inashika joto zaidi. Namba hiyo hupimwa nguo ikiwa imevaliwa juu ya nguo za ndani maalum. Anayeivaa juu ya kufuli na singlendi tu hapati joto lililoandikwa.

EN 14058 ni ya baridi ya kati, juu ya digrii 5 chini ya sifuri. Inafaa vyumba vya mboga, maziwa na vinywaji, na safari za milimani. Haitoshi kwa samaki waliogandishwa.

EN 343, yenye mchoro wa mwavuli, ni ya mvua. Namba ya kwanza inaeleza jinsi inavyozuia maji, ya pili jinsi inavyoachilia jasho. Kwa hali ya Kisangani namba ya pili ina uzito sawa na ya kwanza. Nguo yenye kwanza kubwa na pili 1 inazuia mvua lakini inapika mwenye kuivaa.

EN ISO 20471 ni ya kuonekana, yenye mistari inayong'aa. Motari wa alfajiri na mpakiaji wa usiku wanaihitaji. Kwa gan za baridi alama ni EN 511. Kwa viatu vya kazi, herufi CI zinaonyesha kwamba soli inazuia baridi.

Alama peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu etiketi inaweza kushonwa juu ya nguo yoyote. Lakini salopeti isiyo na etiketi yoyote haiwezi kuuzwa kwa bei ya nguo ya frigo.

Kukagua nguo ya mtumba

Wengi hununua kutoka kwenye balo. Humo hutokea salopeti za wajenzi wa Ulaya, nguo za watu wa mchezo wa theluji, na makoti ya watoto wa shule wa nchi za baridi. Nguo nzuri inaweza kupatikana kwa franka kidogo, lakini nguo iliyokufa inaonekana sawasawa na iliyo hai. Inakaguliwa hivi.

Ujazo ubanwe kwa mkono kwa muda mfupi, halafu uachiwe. Ukirudi haraka, ungali hai. Ukibaki bapa kama mkate ulioukalia, hewa haikai tena. Mkono upitishwe mabegani, magotini na makalioni, mahali ambapo ujazo huteremka na kuacha kitambaa kitupu. Nguo inyanyuliwe mbele ya jua: sehemu zenye mwanga mwingi ni sehemu za kupitisha baridi.

Tone la maji limwagwe juu ya bega. Likikaa kama lulu, kitambaa bado kinazuia. Likiingia mara moja, nguo inafaa frigo kavu, haifai mvua. Mdomo uwekwe kwenye kitambaa na kupuliza: pumzi ikitokea upande wa pili kwa wingi, upepo wa pikipiki utapita pia.

Upande wa ndani uchunguzwe kama unaganduka vipande vyeupe. Hiyo ni plastiki iliyozeeka, na haitengenezeki. Mwisho, inuswe. Harufu ya kuvu iliyoingia kwenye ujazo haitoki kwa kufua mara moja, na wenye pumu wataijua usiku.

Zipu iliyokufa si sababu ya kuikataa nguo yote. Fundi wa cherehani anaweza kuibadilisha. Bei yake iondolewe kwenye bei ya nguo, tena kabla ya kulipa.

Salopeti peke yake haitoshi

Mikono na miguu huumia kabla ya kifua. Gan ziwe mbili: nyembamba za sufu au poliesta ndani, na ngumu nje. Mkono mtupu uliolowa usiguse chuma ndani ya frigo. Ngozi inaweza kushikamana nacho na kubanduka. Soksi ziwe za kubadilisha, si lazima ziwe nene. Soksi nene ndani ya kiatu kinachobana inazuia damu na kuongeza baridi. Kofia ifunike masikio.

Umeme nao unaingia kwenye hesabu. Mji unategemea bwawa la mto Tshopo, na ukikatika, vyumba hutegemea grupu. Joto likipanda ndani, barafu ya sakafuni inayeyuka na kuwa utelezi, halafu umeme ukirudi inaganda tena. Mabote yenye soli ya meno ni lazima.

Na mlango. Kila frigo kubwa iwe na namna ya kufunguliwa kutoka ndani, na kila mfanyakazi aijaribu siku ya kwanza ya kazi. Hakuna salopeti, hata ya namba kubwa, iliyotengenezwa kwa mtu aliyefungiwa usiku mzima. Mtu asiingie peke yake bila mwingine nje kujua.

Nani analipa

Katika depo nyingi, mbebaji wa siku huambiwa aje na nguo yake. Anakuja na koti la mvua na triko, na kazi inaendelea. Sheria inasema vingine. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inafanya afya na usalama kazini kuwa lazima. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unaeleza kanuni kwa uwazi: mwajiri ndiye anayetoa nguo za kinga zinazohitajika, na hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi kitu. Mwenye swali anaweza kwenda kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi. Aliyeandikishwa kwenye CNSS na kuumia kazini, ajali yake itangazwe huko. Ajali isiyotangazwa ni kama haikutokea.

Mwenye depo asiyeweza kununulia kila mtu anaweza kuanza na salopeti chache za zamu, zinazokaa kazini. Hesabu nzuri ni mbili kwa kila nafasi ya kazi: moja inavaliwa, nyingine inakauka. Wanaozivaa wawe na triko zao safi za ndani, kwa sababu nguo ya zamu huleta pia upele. Njia hiyo ya kuazima si ngeni kwetu Afrika ya Mashariki. Kwenye mlima Kilimanjaro kuna mradi unaowaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo, kwa sababu ilionekana kwamba mshahara wao haukutosha kuzinunua.

Kufua na kukausha

Salopeti ikitoka frigo isikunjwe wala kutupwa kwenye mfuko. Ipigwe kidogo kuangusha barafu, igeuzwe ndani-nje, itundikwe kwenye kivuli chenye upepo. Jua kali huchosha naironi. Moshi wa jikoni hujaza ujazo harufu isiyotoka. Mahali penye feni karibu na injini ya frigo, panapotoka hewa ya joto, ni pazuri kuliko uwanja.

Ifuliwe kwa sabuni kidogo na maji ya vuguvugu, bila kusuguliwa kwa brashi na bila jiki. Dawa za kulainisha nguo ziachwe. Zinaharibu kitambaa kinachozuia maji. Isipigwe pasi. Kipindi isipotumika, itundikwe. Ikilaliwa na mzigo miezi sita, ujazo unakufa hata kama haikuvaliwa.

Dalili za hatari

Mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Hatari huongezeka pale anapoacha kutetemeka huku bado akiwa na baridi, maneno yake yanavutika kama ya mlevi, vidole vinaangusha vitu, anakuwa mzito kujibu. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya digrii 35, hiyo ni dharura. Atolewe, nguo zilizolowa zivuliwe, afunikwe na makavu kuanzia kifuani, apewe kitu cha moto chenye sukari kama ana akili timamu. Asipewe pombe, pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto linatoka zaidi. Vidole vilivyokuwa vyeupe na visivyosikia visisuguliwe. Apelekwe kituo cha afya.

Kwa mwenye franka kidogo

Asiyeweza kununua vyote kwa mara moja aanze na kinachogusa ngozi: triko moja ya poliesta au sufu, na nyingine ya kubadilisha saa sita. Halafu gan, halafu mabote, na salopeti mwisho. Mfanyakazi mkavu mwenye salopeti ya kati anafika jioni salama kuliko aliyelowa ndani ya salopeti ya bei kubwa.